Mlio wa Klachi kwenye Njia ya Madibira

Harufu ya klachi inayoungua haifanani na harufu nyingine. Ina kidogo ya mpira, kidogo ya mafuta machafu, kidogo ya nywele zilizopitiwa na moto, lakini si mojawapo ya hivyo. Juma lililopita kijana wa bodaboda alikuwa anapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yangu hapa Iringa, kapakia watu wawili na gunia la mkaa, pikipiki ikamgomea katikati, na harufu ile ikaingia mpaka jikoni nilikokuwa nachambua mboga. Nikajikuta nimesimama, kisu mkononi. Mume wangu akauliza kama kuna mtu kaanguka. Nikamwambia hapana. Sikuweza kumweleza mara moja kwamba kwa kitambo kile sikuwa jikoni kwangu. Nilikuwa binti wa miaka tisa, nimekaa nyuma ya pikipiki ya serikali, sanduku la chanjo limebanwa kati ya tumbo langu na mgongo wa baba yangu, na mbele yetu kuna mbuga isiyo na mwisho.

Tulikuwa tunakaa Igawa, kwenye bonde la Usangu. Baba alikuwa Bwana Mifugo, na hilo ndilo lilikuwa jina lake; nadhani nusu ya watu wa pale hawakujua kwamba analo jingine. Kwetu hasa ni upande wa Tosamaganga, kwenye baridi, na Mama hakuacha kuilalamikia Usangu kwa joto lake, mbu wake na maji yake ya mto yenye ladha ya udongo. Barabara kubwa ya lami ya kwenda Zambia ilikuwa bado mpya, nyeusi inang'aa, na malori yalipita kwa kasi ambayo sisi watoto tuliishangilia kama mchezo. Lakini kazi ya Baba haikuwa kwenye lami. Ilikuwa kaskazini ya barabara, kwenye mbuga, mpaka kule Madibira, ambako miaka ile Wasukuma walikuwa wameanza kuingia na makundi ya ng'ombe waliyoyaswaga kutoka kwao mbali.

Mwaka huo homa ilimshika Baba ikampanda kichwani. Alilazwa majuma kadhaa, akapigwa sindano za kwinini, na hizo ndizo zilizomwokoa. Wengine waliolazwa naye hawakurudi. Yeye alirudi amekonda, shati la kazi linampwaya kama limeanikwa kwenye mti. Tulifurahi. Mama alichinja jogoo. Kisha, siku baada ya siku, tukaanza kuona kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka.

Baba wa zamani alikuwa mtu wa maneno. Alitaniana na kila mtu, alimwamkia mpaka mlevi wa kilabuni, "Kamwene!" kutoka juu ya pikipiki. Baba aliyerudi alipita watu bila kugeuza shingo. Mama alimsemesha kutoka jikoni, yeye kimya. Alirudia, kimya. "Siku hizi nazungumza na ukuta," alisema Mama, na mara nyingine aliyasema hayo huku analia. Majirani wakasema Bwana Mifugo ana majivuno, kaponea chupuchupu sasa anajiona malaika.

Mimi nilijua sababu. Nilikuwa na hakika nayo kama ninavyojua jina langu. Alipokuwa hospitali niliiangusha redio yake. Ilikuwa redio ya betri, ya ngozi ya kahawia, na sote tulikatazwa kuigusa. Niliipandia kigoda nisikie nyimbo, ikaniponyoka, ikapiga sakafu. Haikuvunjika, lakini tangu hapo ilikuwa inakwaruza kidogo kabla ya kushika. Sikumwambia mtu. Jioni ya kwanza aliporudi, Baba aliiwasha, akaisogeza sikioni, akaongeza sauti, akaongeza tena mpaka mtoto wa jirani akaanza kulia. Halafu akaizima, akaiangalia muda mrefu, akaifungia kabatini. Nikajua amegundua. Nikajua pia kwamba ukimya wote ule uliotanda nyumbani kwetu, machozi ya Mama na yote, mzizi wake ni mimi.

Ndiyo maana likizo ilipofika, na Baba akasema, "Yustina nitakwenda naye kazini," sikushangaa. Adhabu ilikuwa imefika.

Na kweli ilikuwa kama adhabu. Kila tulikosimama Baba alizungumza na wafugaji, akitikisa kichwa, na tulipoondoka tu, alinigeukia. "Wamesema nini? Rudia." Nilirudia. Ndama wangapi wanaharisha, josho gani limekauka, nani kauza maksai wake. Nikisahau, alinikazia macho mpaka nikumbuke. Nilidhani ananipima akili. Usiku nililala nikiyarudia maneno ya watu wazima kama jedwali la kuzidisha, nikiogopa siku nitakayokosea.

Katikati ya mtihani huo pikipiki ikaanza kupiga kelele.

Asubuhi moja Baba alipiga kiki, injini ikawaka, na chini ya ule mlio wa kawaida nikasikia kingine: kra-kra-kra-kra, kama punje za mahindi ndani ya kopo. Baba alipovuta mkono wa klachi ili aweke gia, zikanyamaza. Tuliposimama na kuachia, zikaanza upya. Nilimtazama usoni. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Nikasema moyoni, anasikia, anajua ni nini, mtu mzima haambiwi na mtoto kwamba chombo chake kinalia. Kwetu mtoto aliyemwambia mkubwa jambo lililo wazi alijitafutia kofi.

Siku zilizofuata punje ziliongezeka. Kutoka mahindi zikawa kokoto. Mkono wa klachi nao ukaanza kulegea, ukivutwa unakwenda nusu ya njia bila kazi, na kila asubuhi Baba alichuchumaa na spana ndogo akakaza waya wake, akijaribu, akikunja uso. Alilaumu waya. Aliusikia ugonjwa kwa vidole, kumbe, wala si kwa njia nyingine. Kisha ikaja ile harufu. Hiyo aliisikia. Alisimama njiani akainusa injini kama mbwa, akakaza waya tena, tukaendelea.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianza na habari mbaya. Kimeta kilikuwa kimezuka kwa wafugaji upande wa Madibira. Ng'ombe walikuwa wanaanguka wakiwa wazima asubuhi, damu inatoka puani, na damu yenyewe haigandi. Chanjo ilifika kutoka Mbeya, ikapangwa kwenye sanduku pamoja na vipande vya barafu kutoka kwenye friji ya mafuta ya taa, na Baba akanifungia mkanda wa sanduku shingoni. "Likipata joto," alisema, "tumebeba maji ya bure. Lishike kama mtoto."

Tukaifuata lami kuelekea upande wa Mbeya. Kelele siku ile ilikuwa mbaya. Pikipiki iligongagonga chini ya miguu yangu, injini ikapanda sauti mpaka ikalia kama mbuzi anayechinjwa, na Baba habadilishi gia, alipobadilisha, alichelewa. Niliuma midomo. Tulikuwa tunakaribia pale njia ya mbuga inapokatia kulia. Nyuma yetu nikasikia honi.

Lilikuwa lori, kubwa, na honi yake ilikuwa ndefu, isiyokatika. Niligeuka nikaliona limeshatoka kwenye mstari wake, linataka kutupita upande wa kulia. Nikasubiri Baba asogee kushoto. Baba akanyoosha mkono wa kulia, akapunguza mwendo, akaanza kukata kulia.

"Baba! Lori!"

Hakugeuka. Nilipiga kelele tena sikioni mwake, mdomo wangu karibu uguse shingo yake, na shingo ile haikushtuka hata kidogo. Mpaka leo nikifumba macho naiona, na jasho lake, na kola ya shati. Nikampiga. Nilimpiga ngumi begani, begani, begani, kwa nguvu zangu zote. Akadhani naanguka, akabana breki, pikipiki ikayumba kushoto, na lori likapita. Upepo wake ulitusukuma mpaka kwenye majani. Nilisikia utingo akitutukana, kisha hakuna kitu isipokuwa zile kokoto ndani ya injini.

Baba alizima pikipiki akanishusha. Alikuwa mweusi kwa hasira. "Unanipiga? Wewe unanipiga mimi, barabarani?"

"Lori, Baba. Lilikuwa linapiga honi."

Alitazama midomo yangu. "Nini?"

"Honi! Lilipiga honi muda mrefu!"

Akageuka akaiangalia lami, lori likiwa limeshakuwa doa. Akaniangalia mimi. Hasira ikamtoka usoni polepole, kikaja kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu mzima. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akaweka mikono juu ya kichwa.

"Sikulisikia," alisema. "Mwanangu, sikulisikia kabisa."

Nilisimama pale na sanduku shingoni, na mambo yakaanza kujipanga kichwani mwangu moja baada ya jingine. Mama na ukuta wake. Salamu za watu. Wamesema nini, rudia. Nikasema kitu cha kipumbavu, lakini ndicho kilichonijia. Nilisogea mbele ya uso wake nikasema kwa nguvu, "Kwa hiyo hujanikasirikia kwa sababu ya redio?"

"Redio gani?"

Nikamweleza, nikilia. Kwanza hakuelewa, halafu alielewa, akanivuta kifuani pamoja na sanduku. "Redio mimi niliifungia kwa sababu haikuwa na sauti," alisema. "Nilidhani betri. Kumbe ni mimi. Tangu homa, ndani ya masikio yangu kuna nyenje tu, wanalia mchana kutwa." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba Bwana Mifugo asiyesikia hapewi pikipiki, na bila pikipiki hakuna kazi huku mbugani. "Nilisema labda yatafunguka," alisema. "Na wewe nimekufanya masikio yangu bila kukuomba."

Hapo ndipo nikapata ujasiri. "Baba, na pikipiki nayo inapiga kelele."

"Tangu lini?"

"Tangu juma lililopita."

"Na hukusema?"

"Nilijua unasikia."

Alifumba macho kidogo. Alipoyafungua alikuwa fundi. Baba alijifunza pikipiki akiwa kijana, na injini aliijua kama ng'ombe. Aliiwasha, akaisimamisha kwa stendi, akanipa bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. "Weka mpini sikioni, ncha kwenye chuma. Chuma hakidanganyi. Nitakuuliza, wewe jibu kwa mkono. Kidole juu, ipo. Kidole chini, haipo."

Aligusisha ncha juu ya injini kwanza. Nilisikia mpigo mkubwa, safi. Kidole chini. Akaishusha kwenye sanduku la gia, kelele ikawa ya mbali. Nikatikisa kiganja: kidogo. Kisha upande wa kulia, kwenye kifuniko cha duara kilicho karibu na kiki. Nusura niangushe bisibisi. Ilikuwa kama mtu anagonga mlango kwa nyundo kutoka ndani. Kidole juu, juu kabisa.

Baba akavuta klachi. Mlango ukanyamaza. Kidole chini.

Akaachia. Juu.

Tulirudia mara tatu, akinitazama usoni kama mtu anayesoma barua. Kisha akazima. "Ungeniambia inalia nikivuta," alisema, "ningesema beringi, na hapo hatuna letu. Lakini inalia nikiachia, nikivuta inatulia. Na mkono wa klachi unalegea kila siku. Kuna kitu humu kimefunguka, kinacheza. Mimi nakaza waya tu, kama mtu anayempaka mafuta mgonjwa wa tumbo."

Akaangalia nyuma, tulikotoka. Kurudi Igawa kwa fundi kungekula asubuhi yote, na barafu isingengoja. Akaangalia mbuga. Upande wa milima mawingu yalikuwa yameanza kujijenga, na udongo ule mweusi ukinywa mvua hauachii gurudumu. Akafungua sanduku, akatia kidole. Vipande vilikuwa bado vigumu, vinaelea katika maji yao. "Tunafungua hapa hapa," alisema.

Tuliisukuma mpaka kwenye kivuli cha mgunga mmoja mwembamba. Alifunga bomba la petroli, akailaza pikipiki ubavu wa kushoto ili oili isimwagike, upande wa klachi ukaangalia juu. Akatandika koti lake la mvua, akapanga skrubu juu yake kwa mpangilio zilivyotoka. Mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza vumbi kwa kofia yake na kusikiliza. "Sikiliza ng'ombe, sikiliza gari, sikiliza mvua," alisema. "Ukisikia chochote nishike bega." Kifuniko kikang'oka, harufu ya klachi iliyoungua ikatupiga usoni. Alitoa springi, akatoa kile kisahani kilichozikandamiza, na katikati kukaonekana nati kubwa. Akaigusa kwa kidole cha shahada. Ikazunguka. Kwa kidole tu! Washa, pete nyembamba ya bati iliyotakiwa kuishikilia, ilikuwa imekatika ulimi, na kile kipande kilikuwa kimelala kwenye oili kama kucha.

Baba alikiokota akakiangalia. "Bado kidogo tu," alisema, "ingetoka yote tukiwa katikati ya mbuga."

Aliweka gia, akaniambia nikandamize pedali ya breki kwa mikono miwili ili gurudumu lisizunguke. Nililala juu yake kwa kifua. Yeye akaikaza nati kwa tindo na nyundo, pigo baada ya pigo, jasho likimchuruzika, akaikunja washa upande mwingine uliobaki mzima. Gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, ilikuwa imechanika wakati wa kufungua. Akachukua jalada la daftari alilokuwa anaandikia ng'ombe, akalikandamiza juu ya kifuniko mpaka chapa ya oili ikachora duara, akakata kwa kisu kwa kuifuata. Skrubu moja haikuonekana. Tuliitafuta kwenye majani kwa magoti, ngurumo ya kwanza ikasikika upande wa milima, nikamshika bega, na mkono wangu mwingine ukaigusa skrubu.

Tulipoiwasha alinitazama. Nikaweka mpini sikioni. Achia: kulikuwa na mlio mwembamba wa meno ya gia, basi. Nikaelekeza kidole chini. Hakuniamini. Akaniambia nisikilize tena, nikasikiliza tena. Chini. Ndipo akacheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Mvua ilitupita pembeni. Tulifika kwenye boma la wafugaji jua likiwa utosini, na nikaona mara moja kwamba mambo si mazuri. Wanaume walikuwa wamesimama mlangoni mwa zizi na fimbo, hakuna aliyeketi. Mbele yao alikuwa Mzee Masanja, mkubwa wa boma lile, mtu mrefu mwenye bangili za shaba.

"Geuza pikipiki yako," alisema.

Baba, ambaye hakuyapata maneno, alitabasamu akanyoosha mkono kumsalimia. Nilisikia wanaume wakiguna. Nikamvuta shati. "Baba, anasema tugeuze pikipiki."

"Kwa nini?"

Mzee Masanja akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mwambie baba yako. Majuma mawili yaliyopita alipita hapa, peke yake. Mimi nimesimama njiani, fimbo juu. Nimeita mpaka sauti imekauka. Ng'ombe wangu anatoka damu puani. Yeye akapita, hata shingo hakugeuza. Sisi ni takataka? Ng'ombe wamekwisha, mtoto wangu amechuna ngozi, sasa mkono wake ni mweusi. Leo analeta dawa. Dawa ya mtu anayetudharau, sisi tunaiogopa."

Kisha wote wakaningoja mimi. Niliwaza kuyapunguza. Ningeweza kusema, Mzee anasikitika ng'ombe wake wamekufa. Baba asingejua. Lakini alikuwa amenikazia macho yale yale, na sasa nilijua si ya mtihani. Nikayarudia yote, fimbo juu, sauti kukauka, takataka, huku machozi yananitiririka. Nilipofika kwenye mkono wa mtoto, Baba alivua kofia.

"Mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa mno, kama ya mtu anayezungumza kwenye upepo. "Sikukudharau. Sikukusikia. Homa imeniua masikio, na mimi nimeficha, kwa kuogopa kunyang'anywa kazi. Huyu mtoto ndiye anayenisikilizia. Siku ile sikuwa naye."

Mzee Masanja alimpita Baba polepole, akaenda akasimama nyuma yake. Akachukua mjeledi kwa kijana mmoja. Sikupata muda wa kupiga kelele. Aliupiga hewani, karibu kabisa na kisogo cha Baba, na ule mlio ulipasua boma zima. Ndama wakaruka, mimi nikajikunja, wanaume wazima wakapepesa macho. Baba alibaki amesimama na kofia yake mkononi, ananitazama mimi, anangoja nimwambie Mzee amejibu nini.

Mzee Masanja alirudisha mjeledi. Akazunguka akaja mbele, akasimama uso kwa uso na Baba, akasema taratibu, kila neno peke yake: "Leta dawa."

Walichanja mpaka jua likaanza kuinama. Mtoto mwenye mkono mweusi aliitwa Shija, kijana wa kama miaka kumi na minne, na Baba alipofungua kile kidonda, cheusi katikati kama mkaa, alisema huyu si wa kesho. Alimpakia nyuma ampeleke zahanati. Nafasi ilikuwa ya mmoja. Mimi nikaachwa kwa mke wa Mzee Masanja, nikapewa maziwa mgando kwenye kibuyu, nikakiweka chini bila kunywa. Baba yangu alikuwa amekwenda barabarani bila masikio.

Nilikaa kwenye ukingo wa boma. Nilisikia malori kutoka mbali sana, au nilidhani nayasikia, na kila moja lilikuwa lile lile. Yule mama alijaribu kunisemesha Kisukuma, kisha akaacha, akaja akaketi kando yangu. Kivuli cha zizi kilirefuka kikatufikia miguuni. Wa kwanza kusikia nilikuwa mimi. Ulikuwa mlio mdogo, kama nzi ndani ya chupa. Nikasimama. Nikaufuata gia kwa gia, ukivuta, ukipumzika, ukivuta tena, na kila alipopunguza mwendo kwenye makorongo niliutafuta ule mgongano wa kokoto, na haukuwepo. Nilipoiona kofia yake nilianza kukimbia.

Shija alipona. Alibaki na kovu mkononi, na miaka mingi baadaye nilimwona mjini Makambako, amekuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, akaniita dada. Baba alimweleza Mama jioni ile ile tulipofika, na Mama akalia, kisha akaanza kuuliza maswali yote ambayo hakuwa amejibiwa kwa miezi, mbele ya uso wake, moja moja. Baada ya siku chache Baba alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wake akasema hali yake. Hakufukuzwa kama alivyoogopa, ila pikipiki ilichukuliwa, na sisi tukahamishiwa Iringa, kwenye josho na mizani ya mnada, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa macho.

Aliyekuja kuichukua pikipiki alikuwa kijana kutoka Mbeya, Bwana Mifugo mpya, mwenye miwani ya jua na haraka nyingi. Baba alimweleza habari za klachi, nati, washa iliyokunjwa upande mmoja na gasketi ya jalada la daftari, akamwambia aagize nyingine. Kijana alikuwa anafunga mzigo wake, ameinama, akauliza kitu chini chini bila kuinua kichwa. Mimi nilisikia. Nikamsogelea Baba, nikafungua mdomo nirudie.

Baba aliniwekea kiganja kichwani. Akamwambia yule kijana, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutaja jina lake anapoulizwa, "Inua uso unitazame, bwana mdogo, useme polepole. Mimi ni kiziwi."

Kijana akainuka, akavua miwani, akauliza tena. Baba akamtazama midomo, akamjibu. Wakaendelea kuzungumza, wao wawili. Nilisimama pale kidogo, sijui nishike nini. Watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba nyuma ya nyumba, na mmoja wao aliniita. Nikaenda kucheza.